Pole ya Ng'ombe Tuliyemla

Ndugu zangu, bamama na bapapa, na ninyi vijana mliobanwa kule mlangoni, nawasalimu. Mara tatu mchungaji aliniomba nisimame hapa nitoe ushuhuda, na mara tatu nilimwambia kifua kinanibana. Hakikuwa kifua. Ilikuwa aibu. Leo nimekuja nayo, niiweke mbele yenu, kisha nirudi kukaa. Sitamtaja mtu kwa jina. Ukimtambua mtu katika maneno yangu, mtambue kimoyomoyo.

Wengi mnaniita Yaya, yaani dada mkubwa. Hata walionizidi umri wananiita hivyo, maana wadogo zangu watatu walilipigia kelele jina hilo katika mtaa mzima tangu mama alipofariki, mwaka mmoja baada ya baba. Nilikuwa darasa la sita. Nilifunga madaftari yangu katika kitenge cha mama, nikayaweka chini ya kitanda, nikidhani nitayafungua mwaka unaofuata. Panya waliyafungua kabla yangu. Mnacheka, lakini siku ile nilikaa chini nikalia.

Nililoweka mihogo, nilitwanga, nilibeba samaki kutoka kwenye mitumbwi ya Kazimia. Mwishowe nikapata kazi ya kufagia katika chuo kikuu kimoja hapa Baraka. Nilifagia miaka minne. Wadogo zangu wawili wa kiume walikua wakaenda kuchimba dhahabu Lulimba, na mdogo wetu wa mwisho, msichana, akamaliza sekondari. Huyo ndiye niliyekuwa nimemwekea roho yangu. Nilitaka asome mpaka mwisho, hata kama ni mmoja tu katika nyumba yetu.

Basi siku moja Bwana Rekta, mkuu wa chuo, alikwenda kwa mwenye boti mmoja kumwomba msaada wa mabati. Aliniomba nimsindikize kwa sababu mimi nilimjua yule mzee. Rekta alizungumza kwa muda mrefu sana, akafungua na karatasi za ramani. Mzee alikuwa anapiga miayo. Rekta alipomaliza, mimi nilimuuliza mzee kama mguu wa mke wake umepona. Tukaongea habari za mguu, tukaongea habari za marehemu mama yake, aliyekuwa akinigawia ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, nilipokuwa mdogo. Tulipotaka kuondoka mzee akasema:

"Bwana Rekta, we unaongea kama redio. Uyu mama anaongea kama muntu. Batume mutu akamate mabati kesho."

Hivyo ndivyo nilivyoacha ufagio. Walinipa ofisi yenye meza, kiti, na kibao mlangoni kilichoandikwa Biro ya Wafadhili Wakubwa. Kazi yangu ilikuwa kwenda kwa watu wenye uwezo mkubwa, wenye boti, wenye mashimo ya dhahabu, wenye mifugo, kuwaomba wasaidie chuo. Na kwa kuwa nilikuwa mfanyakazi wa biro sasa, mdogo wangu alipokelewa kusomea ukunga bila kulipa. Shikeni neno hilo, mtalihitaji mbele.

Chuo kilitaka kujenga darasa la wakunga. Nikaambiwa kuna mjane mmoja kule Bibokoboko, mwenye ng'ombe wengi, ambaye binti yake alifia njiani akiwa na mimba, akibebwa katika kipoyi, machela ya miti, kushuka hospitali. Nikapanda kwake. Nilimkuta anasukasuka maziwa katika kibuyu. Hakuacha kusukasuka hata nilipoanza kueleza. Nilipomaliza akasema:

"Darasa ile, batoto watajifunza kuzalisha bamama, basiwafie mikononi?"

"Ndiyo, mama."

"Mi na chuo yenu hatujuane. Nitakupa Gaju kwanza. Tutajuana. Kisha tutaongea ju ya darasa."

Gaju alikuwa mtamba wa rangi ya udongo mwekundu, mwenye mimba. Mjane alimshika pembe mbele ya jirani zake, akanikabidhi kamba, akanitazama usoni. Mimi nilishukuru sana, nikashuka na ng'ombe, nikaona nimefanya kazi. Sikuuliza kwa nini jirani waliitwa. Ndugu zangu, nawaambia, mimi ni mtu wa ziwani. Kwetu mvuvi akikupa samaki, unamshukuru, unakwenda kumpika. Hakufuati nyumbani kuuliza ulimkaanga au ulimchemsha.

Baada ya miezi miwili chuo kilikuwa na sherehe ya kufungua mwaka. Wageni wa heshima wakatoka Bukavu. Asubuhi mpishi akasema nyama haipo. Bwana Rekta akaja mlangoni kwangu, jasho linamtoka.

"Yaya, ile ngombe iko yetu ao haiko yetu?"

Sitawadanganya kwamba nilisita. Nilisema, "Iko yetu."

Nilikwenda mwenyewe kumwonyesha mchinjaji. Na alipompasua, akaniita. Ndama alikuwa ndani, amekwisha kuota manyoya. Mchinjaji akaniuliza, "Huyu tumutupe?" Nikamwambia amzike. Kisha nikanawa mikono, nikavaa kitenge cha sherehe, nikagawia wageni. Na mimi nilikula. Bamama, msiniangalie hivyo. Nilikula.

Wiki chache zikapita, simu ikalia. Alikuwa mjane.

"Mutoto yangu, Gaju iko namna gani? Alishazala?"

Hapo ndipo nilipoanguka. Kuanguka kwangu hakukuwa siku ya sherehe. Siku ile nilikuwa mjinga tu. Kuanguka kwangu kulikuwa hapa, nimekaa kwenye kiti changu kizuri, na kibao mlangoni.

"Alikufa, mama. Ugonjwa."

Nikasikia ng'ombe wake wakilia kwa mbali katika simu.

"Pole, mutoto yangu. Pole sana. Mulilia?"

"Tulilia, mama."

"Basi ngojeni."

Sikuelewa tungoje nini. Nilikata simu, nikamshukuru Mungu kwamba yamekwisha.

Haikufika wiki mbili, mlinzi akaja mbio. Mjane alikuwa langoni, yeye na mwanawe mkubwa, miguu yao imejaa vumbi mpaka magotini, na ng'ombe pamoja na ndama wake. Mnajua ile njia. Mnajua siku hizi watu wanavyoipita kwa hofu, na vizuizi vya wenye bunduki vilivyopo. Yule mama alikuwa ameshuka kwa miguu siku mbili. Mwanawe akanieleza: kwao, ukimpa mtu ng'ombe mbele ya jirani, mmekuwa marafiki, na ng'ombe akifa unampelekea mwingine wa kumfariji. Huwezi kumwacha rafiki yako na zizi tupu.

"Chuo iko rafiki yangu sasa," mjane akasema. "Lakini mbele nionyeshe fasi mulimuzika Gaju. Nimuage."

Nilikwenda ndani kwa Rekta, nikamweleza. Akasikiliza, akatazama dirishani, akasema kwa sauti ya chini: "Nyuma ya choo kuna shimo tulifukia mwezi uliopita. Udongo bado uko mupya. Bapeleke kule. Yaya, waza darasa. Waza na mudogo yako."

Niliwaza. Nilimwaza mdogo wangu aliyekuwa darasani wakati ule ule, amebakiza mwaka mmoja. Nikawachukua wale watu, nikawapeleka nyuma ya choo, nikanyoosha kidole.

Mjane alivua viatu vyake. Aling'oa majani ukingoni, akayashika kwa mikono miwili, akayaweka juu ya ule udongo wa takataka. Akainama.

"Gaju, uliondoka mbio. Na mutoto yako tumboni. Sasa mutafatana na binti yangu, atakuchunga."

Ndugu zangu, ningeweza kubeba uongo wangu mpaka kaburini kama angelia tu. Lakini alipomtaja binti yake juu ya lile shimo, mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Mama, hapa hakuna ng'ombe. Tulimchinja. Tulimula siku ya wageni."

Hakupiga kelele. Aliokota majani yake moja moja, kana kwamba hakutaka hata jani libaki pale. Akavaa viatu. Ndipo akaniambia maneno ambayo bado yananiamsha usingizini:

"Nyama si kitu. Batu bakiwa na njaa banakula. Lakini ulikubali pole yangu."

Akachukua ng'ombe wake na ndama, wakarudi walikotoka.

Siku ile ile niliambiwa nirudishe ufunguo wa biro. Mwisho wa mwezi mdogo wangu akatolewa darasani, maana sasa alitakiwa kulipa kama wengine. Alifika nyumbani, akatupa mfuko wake wa vitabu juu ya meza.

"Yaya, si ungenyamaza tu? Shimo ilikuwa tayari, muntu hata hakuuliza! Sasa mi nitazalisha nani? Kuku?"

Nilimlea tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na alikuwa na haki. Kwa wiki nyingi hatukuongea ila habari za chumvi na maji. Nilirudi kuloweka mihogo. Sokoni waliniita Mama Ngombe. Nikipita wanalia, "Mbuuu!" Nanyi mliokuwa mnafanya hivyo, baadhi yenu mko hapa, nawaona mkiangalia chini. Nimewasamehe. Mliigiza vizuri.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililonisumbua kuliko kazi, kuliko hata hasira ya mdogo wangu. Sikuwa nimemaliza kusema. Nilisema tulimla Gaju. Sikusema nilimwona ndama.

Nikapanda Bibokoboko. Majirani walinizuia, wakaniuliza kama nina akili timamu, kupanda milima ile peke yangu siku hizi, kwa watu niliowakosea. Niliogopa sana, sitawaambia kwamba nilikuwa shujaa. Mjane nilimkuta pale pale, na kibuyu chake.

"Umekuja kuomba ngombe?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukuambia namna alikufa."

Nikamwambia yote. Nilivyosema "iko yetu". Mchinjaji alivyoniita. Manyoya ya ndama. Kitenge nilichovaa. Kibuyu kikasimama. Kwa mara ya kwanza, mikono yake ilisimama.

"Alikuwa dume ao jike?" akauliza.

"Jike, mama."

Akafuta macho kwa upindo wa nguo yake. Kisha akachukua kikombe, akamimina maziwa, akanipa. Ndugu zangu, mimi maziwa ya mgando siyapendi tangu utoto. Nilikunywa yote mpaka tone la mwisho.

Nilikaa kwake siku tano. Sikuombwa kufanya kazi, lakini nilibeba maji na kufagia zizi. Kufagia ndiyo kazi niliyoisomea. Mwanawe alikuwa akinitania, "Mama, uyu mugeni, ufiche ndama, asituletee wageni wa Bukavu." Siku ya tano mjane akamleta yule ng'ombe aliyeshuka naye Baraka akarudi naye. Ndama wake alikuwa ameachishwa, na mwenyewe alikuwa na mimba tena.

"Uyu alishashuka, akapanda. Anajua njia kukupita," akasema. "Simupe chuo. Chuo haina macho, mi nitajuaje kama inanidanganya? Nakupa wewe. Siku atazala, utakuja kuniambia. Ile siku tutaongea ju ya darasa."

Nilishuka naye. Nilipita mbele ya lango la chuo, sikuingia. Mchana Rekta mwenyewe akaja nyumbani kwetu. Alisimama mbele ya ng'ombe, akauliza, "Ni yule yule?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Yaya, ile shimo, ni mimi nilikuonyesha." Nikasema, "Na mimi nilikwenda." Wiki iliyofuata yeye pia alipanda Bibokoboko kuomba msamaha, na viatu vyake vya biro. Alirudi na soli moja. Nasikia alikunywa maziwa yote vilevile.

Nilirudishiwa ufunguo. Mdogo wangu alirudi darasani, amepoteza mwaka mzima. Mwaka huo sitaurudisha, na yeye hasemi kwamba umesahaulika. Juzi tu aliniambia, "Yaya, bado niko na hasira kidogo." Nikamwambia abaki nayo, ni haki yake. Asubuhi ndiye anayemkatia ng'ombe majani. Darasa la wakunga halijajengwa. Mkipita chuoni mtaona mawe ya msingi yamelundikwa, na majani yameanza kuota katikati.

Nashukuru watu. Mchinjaji, aliyenihurumia asimwambie mtu yeyote kuhusu ndama, mpaka niliposema mwenyewe. Wadogo zangu wa Lulimba, waliotuma unga miezi yote ile bila kuuliza swali. Mama mmoja wa kikundi hiki, aliyenipa kona ya uwanja wake nijenge zizi, naye anaogopa ng'ombe kama simba. Na yule mjane, ambaye hayupo hapa, na ambaye bado sijui kama ameniamini au ananipima.

Mnaniuliza nimejifunza nini. Nilidhani kazi yangu ni kupokea. Nilijua kwenda kwa mtu mikono mitupu nikarudi imejaa. Sikujua kurudi tena kwake kumwambia kilichotokea, kiwe kizuri au kibaya. Ninyi mliopewa kitu na mtu, shamba, mtoto wa kulea, mashine ya kushonea, hata neno la pole, rudini kwake. Mwambieni kiko namna gani. Kama mmekiharibu, mwambieni hivyo.

Ninawaacha sasa, kwa sababu nina safari. Jana asubuhi ng'ombe wetu amezaa. Ni jike, rangi ya udongo mwekundu. Mdogo wangu ndiye aliyemshika, mikono yake miwili, akanifokea nisogee, eti mimi si mkunga. Simu ninayo hapa mfukoni, na salio lipo. Sijapiga. Kesho kukipambazuka napanda Bibokoboko kwa miguu yangu, nikamwambie yule mama usoni.