Onyo Moja kwa Sababu ya Feni ya Inchi Nane

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, fundi wetu wa umeme wa magari, ambaye sote tunamwita Mjomba Fyuzi, anastaafu baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Katika muda huo malori yetu ya kupeleka dawa milimani yamezama kwenye matope mara zisizohesabika, mawili yamepinduka, moja limegongwa na ng'ombe, na jingine liligonga ukuta wa stoo yetu wenyewe wakati dereva akionyesha jinsi ya kurudi nyuma kwa usalama. Hakuna hata moja lililowahi kuungua kwa hitilafu ya waya. Hiyo ndiyo kazi ya Mjomba.

Kamati ya kuaga ilinipa faili lake nichague ya kuandika. Ni faili jembamba. Ndani yake kuna vyeti viwili, maombi ya likizo, barua ya kuomba miwani, barua ya kukumbushia ile barua ya miwani, na onyo moja la maandishi. Wajumbe walinishauri, kwa nia njema kabisa, niliruke hilo onyo lisije likaharibu sherehe. Lakini habari zake zimeshavuja, na mtu akiondoka na onyo ambalo watu hawajui sababu yake, kila mmoja atajitungia ya kwake. Nimetunza stoo miaka kumi na tisa na sijazoea kuruka kitu kilichomo kwenye orodha. Kwa hiyo nitalieleza, ila nianze mwanzo.

Mjomba aliajiriwa akiwa kijana mwembamba mwenye koleo moja na bisibisi mbili. Wakati ule kila dereva alijifungia taa, redio na honi alivyopenda, nyaya zikaning'inia chini ya dashibodi kama tambi. Mjomba alizing'oa zote, gari baada ya gari, akaweka sheria yake: kila kifaa na fyuzi yake. Taa za mbele zina yake, winchi ya kujivuta kwa kamba ina yake, redio ina yake. Kifaa kinachokula umeme mwingi aliongezea na relei, kile kisanduku kidogo kinachobeba mzigo ili swichi isiungue. Akituelezea sisi wa stoo alisema swichi ni bosi na relei ni sisi.

Stoo ilikuwa na waya wa rangi mbili tu, mwekundu na mweusi, kwa hiyo hakuweza kutofautisha nyaya kwa rangi. Akatumia uzi wa kushonea magunia. Waya wenye uzi mmoja ni wa taa, nyuzi mbili ni winchi, nyuzi tatu ni difu. Mafundi watatu aliowafunza hapa wanaufuata utaratibu huo mpaka leo, na mmoja wao nasikia hata chaja za simu nyumbani kwake zimefungwa uzi.

Hakuwa na huruma na fyuzi za ujanja. Siku moja aligundua dereva mmoja amezungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili umeme upite. Hakumgombeza. Aliitoa ile karatasi, akaibandika kwenye ubao wa matangazo na kuandika chini yake kwamba tunasikitika kutangaza kifo cha gari namba nne, ambacho kwa bahati nzuri hakijatokea, na kwamba marehemu angeacha matairi sita na dereva mmoja mjinga. Tangazo lilikaa wiki mbili. Dereva alikuwa akipita mlango wa nyuma.

Kwa wenzetu wa ofisini wasiojua difu, ile gia inayogawa nguvu kwa matairi, nitaeleza kama Mjomba alivyonieleza mimi. Gari likiwa kwenye matope, tairi moja likikosa pa kushika, hilo ndilo linalozunguka kama feni, na mwenzake aliye kwenye udongo mgumu anakaa tu kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Dereva akibonyeza swichi, kompresa ndogo inapuliza hewa, difu inajifunga, na matairi yote mawili yanazunguka pamoja, yapende yasipende. Gari linatoka. Lakini ukifika lami lazima uifungue, kwa sababu kwenye kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na ukiyalazimisha kwenda sawa kitu kitavunjika. Mjomba alisema ndoa nyingi zinavunjika kwenye lami, si kwenye matope.

Aliyevunja ekseli, ule mhimili wa matairi, kwenye lami alikuwa marehemu mume wangu, dereva wa gari namba saba. Alitoka milimani salama, akasahau kufungua difu, akakata kona ya kuingia getini mbele ya macho ya bosi. Mlio wa ile ekseli ulisikika mpaka stoo. Nami nilijua ni yeye kabla sijachungulia.

Wenzake walimwita Kobe, si kwa mwendo wake, bali kwa sababu alibeba nyumba yake garini: mto, redio, ndoo, viatu jozi mbili, na blanketi langu nililolitafuta mwaka mzima. Baada ya ekseli ile, Mjomba alimfungia king'ora kidogo kinacholia muda wote difu ikiwa imefungwa. Kobe akakiziba kwa soksi. Mjomba akakihamishia chini ya kiti. Kobe akakata waya wake. Mjomba akaurudisha, akauzungushia nyuzi tatu, na akamwambia kwamba akiukata tena atamfungia king'ora kingine nyumbani, kitandani. Kobe alikuja kunishtakia kuwa amevishwa kengele kama mbuzi. Nikamwambia mbuzi hawavunji ekseli.

Ndivyo walivyoishi wale wawili, wakigombana kila Jumatatu na kunywa chai pamoja kila siku. Mjomba aliniita shemeji tangu siku ya kwanza.

Sasa nifike kwenye onyo. Miaka kumi na mmoja iliyopita, wakati wa joto kali, Kobe alianza kuomba feni ya garini. Kufunga kifaa cha ziada bila fomu ya bosi kulikatazwa, na bosi hakuwa akisaini fomu za feni. Mjomba alikataa mwezi mzima. Mwishowe alichoka kuombwa, akakubali kwa sharti kwamba Kobe asimwambie mtu nani kaifunga. Akaja dirishani kwangu kuomba kishikio cha fyuzi kwa ajili ya kifaa kipya. Vilikuwa vimeisha. Nikamwambia arudi Jumatatu. Gari lilikuwa linaondoka Ijumaa. Basi kwa mara ya kwanza na ya mwisho, Mjomba akavunja sheria yake mwenyewe: akaunganisha feni kwenye fyuzi ya kompresa ya difu, akijiambia kuwa ni ya siku tatu tu. Hakufunga hata uzi.

Jumamosi mvua kubwa ilinyesha milimani. Kobe alikuwa anateremka na mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu, pamoja na nesi. Saa nane mchana gari likazama. Nesi aliomba feni iwashwe, mama apate hewa. Kobe akaiwasha, akabonyeza swichi ya difu, kompresa ikaanza kuvuta, fyuzi ikaungua. Akaweka ya akiba, ikaungua. Akaweka ya pili, nayo ikaungua, kwa sababu feni ilikuwa bado inazunguka na hakuna aliyejua kwamba inakula sahani moja na difu. Fyuzi za akiba zikawa zimekwisha. Walichimba kwa jembe na sahani ya chakula saa mbili nzima mpaka trekta la watu lilipowavuta. Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma kabla trekta halijafika. Mama na mtoto walitoka salama, na mtoto sasa yuko darasa la tano. Lakini lingeweza kuwa jambo jingine, na Mjomba hakuwahi kuruhusu mtu aseme vinginevyo.

Jumatatu bosi aliitisha kikao. Feni ilionekana, waya wake ukaonekana, na historia ya Kobe na soksi ikajulikana kwa wote. Kila mtu aliamini ameifunga mwenyewe. Aliulizwa mara tatu, naye akajibu mara tatu kwamba feni ni ya kwake. Hakuongeza neno, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Waliamua kumfukuza kazi. Tulikuwa na watoto watatu shuleni.

Mjomba hakuwa kwenye kikao. Alikuwa chini ya gari namba mbili tangu asubuhi, akidhani kosa lililoonekana ni fyuzi mbovu tu. Mimi ndiye niliyemwambia, si kwa kumwomba lolote. Nilimwambia tu barua inachapwa. Alitoka chini ya gari, akaweka koleo kwenye dirisha la stoo na kupanda ngazi na mafuta yake yote mikononi. Karani aliyekuwa akichapa ndiye aliyetuhadithia yaliyobaki.

Alisema, "Bosi, waya ule nimeufunga mimi. Dereva aliniomba feni. Hakuniomba uzembe."

Bosi akamuuliza kama anajua kuwa wiki inayofuata alikuwa atangazwe mkuu wa karakana.

"Najua, bosi. Hata suruali nimeshashonesha."

Karani anasema bosi alicheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. Lakini kazi ni kazi. Barua ya Kobe ilichanwa, Mjomba akaandikiwa onyo, na ukuu wa karakana ukaenda kwa mtu mwingine, wala haukurudi tena kwake. Ile suruali ya ukuu aliivaa akilala chini ya magari mpaka ikaisha magoti. Nilipomletea vishikio vya fyuzi kesho yake, Jumanne, vilikuwa vimefika na gari la asubuhi, kasha zima, kana kwamba vilikuwa vinasubiri nje ya geti.

Kobe hakumshukuru kwa maneno. Wanaume wale hawakuwa na tabia hiyo. Alikwenda kwa bosi akajaza fomu ya feni, nakala tatu, akaambatanisha barua ya nesi. Bosi akasaini. Mjomba akaifunga upya, na fyuzi yake, na nyuzi nne, kisha wakagombana kwa sababu Kobe aliona inatazama upande wa abiria.

Mume wangu alifariki mwaka jana mwezi wa tisa, kwa maradhi, akiwa bado dereva wa gari namba saba.

Rasimu ya wasifu huu nilimpelekea Mjomba aisome kwanza, kwa sababu ni jina lake. Alikaa nayo siku mbili. Aliporudisha alikuwa amesahihisha mahali pawili. Nilipoandika "feni ndogo" alikata na kuandika "inchi nane". Na pale mwishoni, nilipokuwa nimeiomba ofisi iliondoe lile onyo kwenye faili lake kabla hajaondoka, aliikata aya nzima kwa mstari. Nikamfuata kumuuliza.

"Liache, shemeji," alisema. "Nililistahili."

Kwa hiyo onyo linabaki kwenye faili, kama alivyotaka mwenyewe. Sababu yake inabaki hapa, kama nilivyotaka mimi.

Mjomba, watumishi wote wa karakana, ofisi na stoo wanakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, miwani iliyoombwa ifike, na shangazi, mkeo, akuvumilie utakapoanza kufungua redio zake. Milango ya gereji iko wazi kwako, ingawa tunajua utakuja hata ikifungwa.

Na kutoka nyumbani kwangu ni hili. Kwa miaka kumi zaidi baada ya onyo lile, mume wangu alirudi jioni akinuka dizeli, akavua viatu mlangoni, akakaa, akaanza kukulalamikia. Asante kwa kila mojawapo ya jioni hizo.