Abee ya Mama Ndoo

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama mimi kifunguamimba wake, mzee wa kanisa hili, kusoma maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ndoo mkidhani hasikii.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya machinjio, akiwa mtoto wa nne wa mchoma mkaa, akaanza shule mwaka 1959, akatolewa darasa la sita ili amuuguze bibi yake aliyekuwa hawezi kunyanyuka kitandani, na hapo ndipo alipojifunza kufua mashuka ya mgonjwa bila kukunja uso.

Tarehe 2 Februari 1972 aliajiriwa hospitali, na karatasi niliyopewa na kamati ya mazishi inasema alikuwa mhudumu wa sekta ya afya, maneno yanayonitia kichefuchefu, kwa kuwa mama yangu aliosha vyoo, vyoo vya wodi ya wanaume, miaka thelathini na nne, na hakuona haya kusema hivyo, haya tulikuwa nayo sisi.

Alikuwa na desturi moja mliyoicheka, kwamba kila alipokuta uchafu, matapishi sakafuni, choo kilichoziba, mlevi aliyejichafua mlangoni mwa kanisa, kabla ya kushika ndoo aliitika, Abee, kama binti aliyeitwa na baba yake kutoka chumba cha pili, na nilipomuuliza utotoni ni nani amemwita, alisema Mungu haiti watu kwa tarumbeta, huita kwa kilicho mbele yako, na ukishughulika na pua yako hutamsikia.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975 na fundi cherehani, baba yetu, aliyetangulia mwaka 1998, wakajaliwa watoto watatu, tukasomeshwa kwa ndoo hiyohiyo, kisha tukamwomba asije shuleni na sare yake ya kazi, na hapa kanisani, tusidanganyane, kikombe chake cha chai kilitundikwa kwenye msumari wa peke yake, nami nilikiona kila Jumapili, nikaendelea kuimba.

Mwezi Agosti 2021 alipata kidonda cha mguu kwa sababu ya kisukari, kikaoza, kikatoa harufu iliyofika barabarani, nikamnunulia dawa na kitanda kizuri, nikamwombea nikiwa sebuleni, lakini chumbani sikuingia, na asubuhi ya tarehe 3 Juni 2023 aliniita mara tatu kwa jina langu la utotoni, beseni lake la haja limejaa, nami nikasimama koridoni na leso puani, mtu mzima ovyo, nikampigia simu jirani yetu muuza mitumba, ambaye aliacha nguo zake kwenye maji, akanipita bila kunitazama, na alipofika mlangoni kwa mama akasema, Abee.

Mama alifariki siku mbili baadaye, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, na kinyaa nilichokionea kidonda chake kimenihamia mwenyewe, sijui nitajiosha kwa sabuni gani.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi waliokuja nyumbani kufunga kidonda, jirani yetu muuza mitumba, ambaye ndiye aliyekuwa mtoto wa marehemu siku ile, pamoja na wafanyakazi wa usafi waliokuwa wenzake mama hospitalini, ambao nawaona mmekaa nyuma kabisa karibu na mlango, nawaomba mje mbele, viti hivi vya familia vinatosha.

La mwisho, choo cha kanisa kimeziba tangu jana kwa wingi wetu, nimewaona mkipita pale mmeziba pua, nimesikia kamati ikiulizana nani aitwe, na ndoo ya mama nimekuja nayo, iko pale mlangoni, tukirudi kutoka makaburini msinitafute kwenye viti vya mbele.

Naam, mama. Pumzika kwa amani.