Jimbo la Torfhagen, 1949–2024

Wafiwa, majirani, nawe Mheshimiwa Kamphoff uliyejibanza safu ya nyuma karibu na mlango, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu, Jimbo la Uchaguzi la Torfhagen, ambaye sanduku lake la kura limelazwa hapa mbele chini ya kitambaa cheusi, katika ukumbi huu huu wa wazima moto alimofanyia kazi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949, akalelewa na wafugaji na wakulima wa viazi, akaanza elimu mwaka 1953, alipofundishwa kupiga kura mbili badala ya moja, ya mgombea na ya chama, akafuzu, japo bibi mmoja alishikilia hadi kufa kwake kwamba ile ya pili ni ya mumewe aliyebaki vitani.

Kazi yake ilikuwa moja, kupeleka mtu bungeni, kwanza Bonn, baadaye Berlin bunge lilipohamia huko, na kuanzia tarehe 19 Novemba 1972 alihudumiwa na Mzee Alwin Terbrüggen, msimamizi wa kituo, ambaye kila uchaguzi alivaa suti yake ya harusi, na mkewe akaoka keki ya siagi, ile ile tunayoila misibani.

Mwaka 1980 marehemu aliozwa kwa Ostrum, mji wa ng'ambo ya mto, wakafanywa jimbo moja, ndoa iliyopangwa na watu wa ofisini bila bibi harusi kuulizwa, na Ostrum hakuwahi kuosha hata kikombe. Ameacha wabunge wanne, wa kwanza alikuja kuomba kura akiwa na matope hadi magotini, wa nne ni Mheshimiwa Kamphoff, tuliyemjua kwa mabango, aliyemwambia Mzee Alwin, "Mzee wangu, mstari kwenye ramani haujawahi kumuumiza mtu."

Ugonjwa ulianza mwaka 2009 shule ilipofungwa, ukamzidi kiwanda cha maziwa kilipohama na vijana, wapigakura wake, wakakifuata, hata mwaka 2023 madaktari wa mipaka, wale wa tume ya majimbo, wakaamua akatwe vipande vitatu wagawiwe majirani, ila wakaandika kwamba zikifika saini mia mbili za kupinga kabla ya tarehe 30 Novemba, wataacha kisu. Mzee Alwin, na goti lake bovu, alizungusha karatasi nyumba kwa nyumba wiki sita, na majibu yenu hajayasahau, "Iache hapo mezani, Alwin, nitaiangalia," "Ngoja mume wangu arudi," "Kwani tukikatwa, ng'ombe watagoma?" Alipata saini kumi na tisa. Tarehe 1 Februari 2024, saa nne asubuhi, bunge lilipopitisha ramani mpya, marehemu alikata roho, Mzee Alwin akiwa peke yake mbele ya redio, akalia.

Tunawashukuru madaktari, walioona mgonjwa anakohoa wakamkata shingo, majirani wa Ostrum, walioulizia viti vya ukumbi kabla maiti haijapoa, na Mheshimiwa, kwa shada ambalo jina lake ni kubwa kuliko la marehemu.

Nanyi wafiwa, ahsanteni kwa kutia saini kitabu cha rambirambi pale mlangoni, kila mtu na mwandiko wake mzuri, bila hata mmoja kusoma kichwa cha karatasi, kwa maana ni karatasi ile ile ya Mzee Alwin ya kupinga kisu, na asubuhi hii zimetimia saini mia mbili thelathini na moja.

Keki ipo mezani. Nawe Torfhagen, pumzika kwa amani, watu wako hatimaye wamefika.