Gia za Mbele Alizoniachia Nzivo

Mchungaji, wazee wetu na majirani wa Makongeni, mimi ni Kathini, dada yake Nzivo, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu, kwa hiyo pakiwa na la kulaumu msimtafute mwingine.

Nzivo Ngui alizaliwa tarehe 3 Machi 1978, Pumwani, kifungua mimba wa marehemu Mzee Ngui, karani wa reli, na Mama Koki, tuliye naye hapa. Alisoma shule ya msingi Makongeni, akamaliza sekondari Machakos mwaka 1996, na tangu 1999 akawa dereva wa kampuni ya kuchimba visima. Alifunga ndoa na Wanza tarehe 9 Desemba 2006, wakajaliwa watoto wawili, Kyalo na Nthenya.

Landrova yake mnaijua. Alipoifunga magurudumu makubwa ikaanza kushindwa na milima, akanunua gia mpya za difu, zile za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu, za mbele na za nyuma, akakataa gereji zote kwa kile kichwa chake kigumu, na mwezi Mei mwaka huu akazifunga za nyuma mwenyewe, nje ya nyumba. Za mbele hakuwahi. Tarehe 17 Juni madaktari waliona saratani ya ini, na gari likabaki na gia mpya nyuma na za zamani mbele, hali ambayo ukiunganisha magurudumu yote manne hayaendi mwendo mmoja, na lazima kitu kivunjike.

Kazi akaniachia mimi, niliyempa spana tangu utotoni. Nilizifunga, nikapaka meno rangi kama alivyonifundisha, nikazungusha, na alama ya meno kugusana ikakaa pembeni ya jino badala ya katikati, maana yake gia zitasagana. Tarehe 9 Novemba, wodini, aliniuliza alama imekaa wapi, nikamwambia katikati. Nilimdanganya, jamani, kwa sababu alikuwa amechoka na mimi nilikuwa mwoga. Akafurahi, akamwambia Wanza Krismasi tutapanda Mbooni, kwetu mlimani. Alifariki tarehe 11, saa nne asubuhi.

Kisha wazee wakaamua kwamba, kwa kuwa gari la maiti haliwezi matope ya Mbooni, Landrova ndiyo itampandisha hadi nyumbani. Mlifurahi wote, mimi nikakosa usingizi. Siku tatu za matanga mliniona chini ya gari, wengine mkasema msiba umenipanda kichwani, na mjomba Phares akaniambia si heshima, nami nikarudi chini ya gari, kwani kumjibu kungekuwa kusema haya ninayoyasema leo. Nilibadilisha mara nne vile visahani vyembamba vinavyosogeza gia. Jana niliijaribu, magurudumu yote manne yakivuta, na magunia ya mchanga nyuma. Mlima wenyewe bado haijauona, na ninayeendesha ni mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, majirani waliotuazima jeki, na mjomba Phares, aliyenigombeza huku akinishikia tochi.

Kaka yangu, alama iko katikati ya jino. Sasa ni kweli. Pumzika kwa amani, mlima niachie mimi.