Tarishi wa Vimraba

Benchi letu liko kati ya mlango wa kinyozi na ukuta ambao zamani nilichora simba. Simba mwenyewe amefunikwa na bango la plastiki la kutangaza sabuni, umebaki mkia tu unachungulia, na mkia huo ndio uliobaki wa sifa zangu mtaani. Tangu mabango ya kuchapishwa yaingie, hakuna tena anayeniita nipande ngazi na kopo la rangi, kwa hiyo nimehamia benchini moja kwa moja. Wananiita Brashi. Pembeni yangu hukaa Spana, fundi bomba ambaye simu yake haiiti kama anavyodai, na Mheshimiwa, aliyegombea udiwani akaanguka lakini cheo akakataa kukirudisha. Kinyozi huingia na kutoka kutegemea vichwa vilivyopo. Kahawa anatuuzia Shangazi, ambaye husema yeye hatusikilizi sisi, kisha anatujibu.

Siku hiyo walinikuta nimeisogeza simu puani kama mtu anayetafuta mwiba kidoleni.

– Unasoma ujumbe wa nani huo? Spana akauliza.

– Sisomi. Nachora mtu.

– Humo kwenye simu? Na brashi umeiweka wapi?

Ikabidi nieleze. Binti yangu na wenzake wanatengeneza gemu. Wanataka mtu mdogo wa kutembea humo ndani, aliyechorwa kwa vimraba, kimoja kimoja, kama unavyopanga vigae vya bafuni. Wenzake walikuwa na mtu wao anayeijua kazi hiyo. Binti akawakatalia, akasema baba yake ni mchoraji. Aliponipigia, mimi nikacheka. Nikamwambia, mwanangu, mtu aliyechora simba wa ukuta mzima atashindwa na mtu wa ukubwa wa kunguni? Sasa alikuwa njiani kuja kumchukua kunguni wake, na kunguni alikuwa amenitoa jasho tangu juzi.

– Hebu tumwone, Mheshimiwa akasema.

Nikampa simu. Akaitazama, akaigeuza, akaigeuza tena.

– Ni birika?

– Ni mwanamke! Ni tarishi, anapeleka vifurushi nyumba kwa nyumba.

– Kichwa kiko wapi?

– Si hiki hapa?

– Samahani. Nilidhani hicho ndicho kifurushi.

Kinyozi akatoka na taulo begani, akatazama juu ya bega la Mheshimiwa.

– Tatizo ni nywele. Mtu anajulikana kwa nywele. Huyu umemmwagia lami kichwani. Mchoree unywele mmoja mmoja.

Nikachora. Tarishi akawa nungunungu.

– Nywele hazina kosa, Spana akasema. Tatizo ni mwili. Mwili wa binadamu ni mabomba tu. Miguu mabomba, mikono mabomba, kiwiko ni elbo, ile ya kukatia kona. Na bomba jipya linang'aa. Mtie mng'ao pande zote.

Nikamtia mng'ao pande zote. Akavimba kama puto.

– Mnahangaika bure, Mheshimiwa akasema, akasimama kabisa kama yuko jukwaani. Mmewanyima wananchi rangi! Rangi tatu tu? Kila rangi ipate uwakilishi. Na vifungo viko wapi? Na saa ya mkononi? Tarishi gani hana saa?

Nikaongeza rangi zote zilizokuwemo. Nikaongeza vifungo. Nikaongeza saa. Msinicheke. Nilikuwa nimefika mahali ambapo hata paka angepita na ushauri, ningemsogezea simu.

– Ninyi wanaume mna kelele, Shangazi akasema. Leteni nione.

Aliishika simu kwa mbali, mkono umenyooka, maana miwani yake aliikalia na mpya hajapata. Akakunja uso.

– Nani kamwaga maharage humu?

– Shangazi, ni tarishi.

– Kwa macho yangu ni maharage.

Wenzangu walicheka mpaka Kinyozi akaangusha taulo. Mimi nilicheka kidogo, kwa adabu, lakini neno lile liliniingia moyoni. Nilipokuwa nikichora kuta, kila baada ya muda nilikuwa nashuka ngazi, navuka barabara, nageuka na kutazama kazi kwa mbali, kama atakavyoitazama mpita njia. Huyu tarishi sikuwahi kumtazama kwa ukubwa wake hata mara moja. Muda wote nilikuwa nimemvuta mpaka kajaa kioo kizima, namchorea kope mtu atakayekuwa mdogo kuliko ukucha.

Nikampa Spana simu, nikamwambia ampunguze hadi ukubwa wa kwenye gemu. Nikarudi nyuma mpaka kwenye mtaro. Nikatazama.

Maharage.

Nikarudi, nikafuta kila kitu.

– Usifute! Mheshimiwa akapiga kelele. Saa yangu!

Nilianza upya na rangi nyeusi peke yake. Sikuweka macho wala mdomo. Nikamfanyia kichwa kikubwa kuliko kawaida, mwili mfupi, mgongoni begi pana lililomzidi mabega. Nikamgeuzia Shangazi simu.

– Huyu kabeba mzigo, akasema.

Benchi zima tukapiga makofi kana kwamba Shangazi ndiye aliyechora. Hapo nikamvalisha shati, nikaliweka jua upande mmoja tu, ule mwingine nikautia giza kidogo. Nywele zikawa donge moja, Kinyozi akanuna akarudi ndani. Spana alinyang'anywa mng'ao wake. Mheshimiwa alipoteza vifungo vyote, akasema amezoea kuibiwa. Mwisho nikamchorea tarishi picha chache za hatua, zikipitishwa haraka aonekane anatembea.

Binti akafika nikiwa bado namsugua tarishi viatu.

– Shikamooni.

– Marahaba, tukaitikia wote, na mimi nikamkabidhi simu haraka kabla sijajuta. Mtu mzima mwenye mvi, naogopa kusahihishwa kazi na mtoto niliyemfundisha kushika penseli.

Akampunguza tarishi hadi ukubwa wa kwenye gemu, akamtazama.

– Baba, huyu mzuri. Nimemjua ni nani kabla hujaniambia.

Nilivimba kuliko tarishi wa Spana. Kisha akasema:

– Sasa tuone anavyotembea.

Nikampitishia zile picha za hatua. Tarishi akaruka miguu yote miwili pamoja kama shomoro, begi likabaki nyuma. Binti hakucheka. Afadhali angecheka.

– Baba, mguu wa kulia ukiwa mbele, mkono upi unakuwa mbele?

Nikaitazama mikono yangu, kisha miguu.

– Wa kulia! Mheshimiwa akasema kwa mkazo.

– Wa kushoto, Spana akabisha.

– Mikono haihusiki, Kinyozi akasema kutoka ndani. Mimi yangu kutwa iko juu.

– Inategemea umebeba nini, Shangazi akamalizia.

– Na wewe mwanangu unasemaje? nikauliza.

– Sijui, Baba. Nikijifikiria mwenyewe nachanganyikiwa. Ndiyo maana nakuuliza.

Mheshimiwa akaondoka benchini kuthibitisha. Alipiga hatua, mkono na mguu wa upande mmoja vikatoka pamoja, akaenda kama kabati linalohamishwa. Spana akamcheka, akajaribu yeye, akajikwaa. Kinyozi naye akatoka na mkasi mkononi, akaenda na kurudi mara kadhaa, kila safari akitembea kivingine. Watu wazima sote, tuliotembea tangu utotoni, hakuna hata mmoja aliyeweza kutembea.

– Kaeni! nikasema. Mkifikiria mnaharibu.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Ilikuwa sauti yangu ya zamani, ya juu ya ngazi, ya kumwambia mtu asiguse rangi mbichi. Wakakaa wote, hata Mheshimiwa.

Nikasogea mwisho wa benchi, binti akaketi kando yangu, tukaanza kutazama watu wanaopita. Yeye alitaja miguu, mimi nikashika mikono. Mguu wa kulia, mkono wa kushoto. Mguu wa kushoto, mkono wa kulia, na kichwa kinapanda kidogo miguu inapopishana. Nikachora, nikafuta, nikachora. Tarishi aliacha kuruka, akawa anachechemea, halafu akachechemea kidogo tu, halafu ghafla akatembea, begi linaruka mgongoni kimraba kimoja tu juu na kimoja chini.

– Anakwenda! binti akasema, akanishika bega.

Nilitaka begi lipate uzito zaidi, kwa hiyo nikamkazia macho bwana mmoja aliyekuwa anapita na mkoba mzito. Akapunguza mwendo, akasimama mbele yetu.

– Mzee, mbona unaniangalia miguu?

– Samahani, bwana, nikamwambia. Niko kazini.