Mzee Tarsis Mushi, Karani wa Namba za Kadi (1929–1979)

Mzee Tarsis alizaliwa tarehe 4 Machi 1929 huko Kilema, Moshi, mtoto wa tatu wa Mzee Leodegar na Mama Celina. Alisoma shule ya misheni hapo hapo mpaka darasa la sita.

Mwaka 1951 alishuka Dar es Salaam, akapakua mizigo bandarini. Tarehe 20 Agosti 1955 alifunga ndoa na Mektilda, wakahamia Magomeni.

Mwaka 1962 aliajiriwa kuwa karani kwenye zahanati moja ya Kariakoo. Kila mgonjwa mpya alimpa namba, na kwa namba hiyo faili lilitafutwa kabatini. Akina mama walimtania, "Mzee Tarsis, kwa mwandiko huu kadi naona haya kuikunja!"

Tarehe 12 Juni 1974 surua ilijaza watu, likafunguliwa dirisha la pili. Daftari la namba lilibaki kwa Mzee Tarsis. Mwenzake Muhiddin, wa dirisha la pili, akapaza sauti: "Bwana Tarsis, ya mwisho ngapi?"

"Mia tisa arobaini! Andika bwana, foleni imefika kwa muuza kahawa!"

Muhiddin akaandika 941. Mzee Tarsis naye, bila kungoja, akaandika 941. Watoto wawili, namba moja.

Septemba, mmoja wao, Suud, mwana wa Bi Mauza, aliletwa na homa. Faili la 941 lililotolewa lilikuwa la yule mwingine. Onyo kwamba mwili wa Suud haukubali penisilini lilibaki kabatini, ndani ya faili lake. Akachomwa sindano, akafariki. Alikuwa na miaka miwili.

Mzee Tarsis alikata vipande vya karatasi, akaviandika namba mapema, akavitunga kwenye waya. Dirisha lolote lilichomoa kimoja, na kilichotoka hakikurudi, hata mgonjwa ahame au afe. Lakini Bi Mauza aliambiwa ni kazi ya Mungu, na Mzee akanyamaza. Akipakatishwa mjukuu, hakukaa naye. Alimrudisha kwa mama yake.

Januari mwaka huu ini lilimlaza. "Niitieni Mauza," alisema. Bi Mauza alikuja, akasimama mlangoni, akamsikiliza Mzee akikiri habari ya ile 941.

"Miaka yote hii najilaumu, Mzee Tarsis. Nilidhani nilisahau kuwaambia habari ya penisilini."

Akajitanda kanga yake, akaondoka.

Mzee alifariki tarehe 2 Februari 1979, saa kumi alasiri, akiwa ameagiza haya yasomwe mbele yenu. Bi Mauza, hukusahau. Ulisema, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika onyo lile kwenye faili.

Ameacha mjane, Mektilda, watoto Gaudens, Euphrasia na Severine, na mjukuu mmoja. Mungu ampumzishe Mzee Tarsis. Na wewe, mama Suud, upumzike.