Macho ya Shangazi Tabu

Sogeeni, wanangu, Mwigulu, Nelly, na wewe Doto unishike mgongo, maana nikilala chali maneno yananikwama. Ng'ombe mtagawana kama tulivyokubaliana mbele ya wajomba zenu, na shamba la mpunga asiuziwe mtu. Hayo si mazito. Zito ni la dada yangu Tabu, shangazi yenu.

Mnaijua kazi niliyoifanya tangu Ushirombo hadi hapa Mwakitolyo. Nilihubiri mpaka sauti ikakauka kwamba bibi mwenye macho mekundu si mchawi, ni mpishi, moshi wa kinyesi cha ng'ombe ndio uliomwunguza macho. Walinirushia mawe, na Jumapili iliyofuata nikapanda mimbarini nikayasema yale yale. Vikongwe waliofukuzwa na watoto wao walilala kwenye chumba kile cha uani, na aliyewapikia ni Tabu, kwa moshi huo huo, huku Mwigulu akiwa mgongoni mwake.

Mwigulu, usiangalie mlango. Wewe niliyekukabidhi Biblia na mimbari yangu, duara lako, lile shimo lako la machimboni, lilipogoma kutoa dhahabu ulikwenda kwa mfumu akupigie ramli. Akapasua kuku, akatazama matumbo, akakwambia kuna bibi wa macho mekundu nyumbani kwenu amelifunga duara. Nawe, mchungaji mzima, ukaamini! Ulisubiri nipelekwe hospitali, ukamwambia shangazi yako afungashe. Niliporudi mkaniambia kaenda kusalimia ndugu, wote mkaniambia hivyo, mkinitazama usoni, mpaka juzi Doto aliposhindwa kuficha. Kwa yale mawe sikulia, wanangu. Juzi nimelia.

Sasa nisikilizeni, pumzi inaniishia. Nyumba hii ni ya Tabu, na chumba cha uani kisifungwe. Mwigulu, nenda Songwa alikojibanza, upige goti, umwamkie, umwombe arudi kwake. Akikataa usimlazimishe, ila mimi nizikeni bila mahubiri, kwani sitaki usimame juu ya kaburi langu na Biblia ile uwaambie watu baba alikuwa mtu mwema.

Doto... maji kidogo. Basi, yatosha.

Mungu awalinde, awape watoto wenye huruma. Nelly, nakubariki. Doto, nakubariki, ingawa ulichelewa kusema. Mwigulu... mwanangu... baraka yako mimi sikupi. Nimemwachia shangazi yako. Kamwombe yeye.